Kazija, Mkandaji wa Waja Wazito, Nina Hasira Nawe

Mpaka sasa hivi sijakubali. Kazija tumemzika jana baada ya adhuhuri, na mimi leo asubuhi nimeshika simu nimwandikie "umeamkaje".

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na nina hasira. Anayetaka maneno matamu akasome kwingine.

Mnaoandika "pole bibi" bila kumjua, mjueni. Kazija alikuwa mkandaji wa waja wazito hapa Mlandege, miaka ya hamsini. Kazi alifundishwa na bibi yake huko Makunduchi. Siku hizi mnaita fiziotherapia na mnasubiri apointimenti. Sisi tulikuwa tunapiga hodi kwa Kazija.

Mafuta ya nazi aliyapasha moto kidogo, akayajaribu kwanza mkononi mwake. Anakulaza ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, halafu anaanza kiunoni kwa kiganja, polepole, mpaka apafikie panapokutesa.

"Hapa?"

"Hapo hapo shoga, usiondoe mkono!"

Tumbo hakulitia nguvu hata siku moja. Mama mmoja alimwamrisha ambane mkwewe tumboni, ati mtoto akae sawa. Kazija akamtoa nje ya chumba. "Mkweo anaumwa na kiuno. Mtoto kakukosea nini?" Ha! Nilikuwepo, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mimba yangu ya kwanza alinikanda yeye. Mimba ya pili ikanikuta na siasa.

Mliozaliwa juzi hamtaamini. Watu walisusiana. Duka la mtu wa chama kile huingii, basi lake hupandi, maiti wake humziki. Ndugu wa tumbo moja hawaamkiani. Mume wa Kazija alikuwa chama kile, wangu chama hiki. Mimi na Kazija hatukuwa hata na kadi.

Mume wangu, Mungu amrehemu, akasema: "Mikono ya watu wale haimgusi mwanangu." Nami nikaitikia naam. Nani alinilazimisha? Hakuna. Kichwa kilikuwa kimejaa mikutano ya hadhara na niliyaamini yote.

Kazija akaja na chupa yake ya mafuta kama kawaida. Nikamjibu kutoka dirisha la juu: "Rudi kwenu! Sisi hatukandwi na watu wa chama chenu!"

Mtaa mzima ulisikia. Akaitia chupa ndani ya buibui, akaenda zake.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, nyonga ikanifunga. Ngazi nashuka kwa makalio, ngazi moja moja. Nasali nimekaa. Nesi wa kliniki ananiambia nipumzike, nipumzikeje na mtoto mwengine ana mwaka mmoja na nusu? Chama kiliweza kuleta wanawake hamsini kuimba mkutanoni. Wa kuniwekea mkono kiunoni hakupatikana hata mmoja.

Ndipo alipokuja Mize, jirani yetu, wa chama chetu, ambaye hatukuwahi kusikia kuwa amemkanda mtu. Akasimama mlangoni kama mwenye kuona haya. "Nnajua kidogo. Nkukande?"

Akanilaza ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Siku ya kwanza mkono wake ulikuwa mzito. Siku ya tatu ukawa mwepesi. Baada ya wiki mbili nikasujudu, nikalia juu ya msala kwa furaha.

Basi mimi nikaona nimepata la kusema! Nikamkuta Kazija mferejini, ndoo yake inajaa. Nikamwambia, "Tuna mkandaji wetu sasa, na wewe hatukutaki tena."

Akaniuliza jambo moja tu: "Nyonga ya kulia ishaachia?"

"Ishaachia."

"Alhamdulillahi." Akajitwika ndoo yake.

Sikujiuliza amejuaje kuwa ni ya kulia. Mpumbavu mimi!

Mtoto akazaliwa salama. Siasa zile zikapita, tukapatana bila ya kusema lolote, tukaozeshana watoto, tukazeeka.

Jana, chumba cha wanawake, kisomo kimekwisha, Mize akaniinamia sikioni. "Hivi wewe hujui mpaka leo?"

Nijue nini?

Kila siku kabla ya kuja kwangu, Mize alikuwa anapita mlango wa nyuma kwa Kazija. Kazija analala mwenyewe juu ya mkeka, anaweka mto, anamwambia nikande mimi kwanza. Akikosea anamsogeza mkono. Akipatia anamwambia haya, nenda, mkono usipoe. Na akamwapisha asiniambie. "Akijua ni mimi atakataa, naye ndiye atakayeumia."

Kazija! Miaka sitini na kitu! Sikukuu ngapi umekula kwangu, unaniangalia usoni, kimya! Ungenitukana hata mara moja. Ungenimwagia ile ndoo pale mferejini. Ungeniachia nafasi ya kukuomba radhi masikio yako yanasikia. Haki hiyo umeninyima na nimekasirika nawe, na nimejikasirikia mimi zaidi, na sijui hasira hizi nizipeleke wapi.

Na nyinyi mnaotukanana vyama humu humu, chini ya picha ya marehemu, nimewaona. Nakufuteni mmoja mmoja, hata awe mjukuu wangu.

Shoga yangu, nilikutukana mbele ya watu. Na mbele ya watu nasema: nilikosa, na kiuno changu kilipona kwa sababu yako. Hujibu, najua.

Lala, Kazija. Mola akulaze ubavu usiouma.