Darubini Niliyoifungua kwa Adabu

Kovu hili lililokaa juu ya jicho langu la kulia kama nusu ya kizibo cha soda, watu wa Busia wote wameshaniuliza, na kila mtu nimempa jibu lake: mmoja nilimwambia ni boda, mwingine nikamwambia ni mlango wa stoo. Leo nimechoka. Nilijiumiza mwenyewe, mbele ya wakwe zangu, na mkitaka kucheka chekeni, nyinyi si wa kwanza.

Mnajua kazi yangu ni kulinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu, na mnaijua ile bunduki ya ofisi, kubwa, ya kuulia viboko, yenye teke la kumkalisha mtu mzima chini. Miaka yote nililenga nayo kwa macho matupu, mpaka macho yakaanza kuchoka (msiseme uzee, ni vumbi la barabara ya Tororo), ofisi ikakubali tuiwekee darubini.

Na kuchagua, jamani, nilichagua vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Muuzaji alinisukumia ile ndefu yenye kioo kipana, inayomleta kiboko karibu mpaka unamhesabia ndevu, lakini ile inataka jicho likae karibu na kioo, nayo bunduki yenye teke ukiisogezea jicho, jicho si lako tena. Nikachukua fupi, haina urembo, ila unaona vizuri hata ukiwa mbali nayo. Nikaifunga kwetu Nabuyoga, skrubu nikazifuta mafuta, nikazikaza moja moja kwa zamu, nikaacha upana wa kiganja kati ya kioo na jicho, halafu nikapiga kichuguu mpaka risasi ikawa inaingia pale pale ninapotazama. Fundi gani angefanya zaidi?

Siku hizo hizo kiboko wa mto Sio alikuwa ameingia kwenye mpunga wa mama mkwe wangu. Mpunga ule ndio chakula cha nyumba na ndio karo ya shemeji zangu wadogo, na mama alikuwa akishinda shambani na debe lake akiligonga ili mnyama aondoke. Sasa hapa nieleze kidogo: kwa hao wakwe zangu Wasamia, kama kwetu sisi Jopadhola, mtu na mama mkwe wake hawaonani. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Tangu nioe nilimjua kwa sauti tu, na maneno yake yalinifikia kupitia kwa mke wangu Nabwire. Safari hii yalinifikia hivi: "Mama anauliza, hiyo bunduki serikali walikupa ya kutembea nayo?"

Nikaomba ruhusa ofisini, ikatoka, nikaenda. Nilifika alasiri, bunduki begani, kijiji kizima nyuma yangu. Ningekaa kimya nikasubiri jioni, leo ningekuwa na sura yangu yote. Lakini baba mkwe, Mzee Wandera, akaiona darubini.

"Mkwe, hii kitu inaona mpaka ng'ambo?"

"Inaona, mzee."

"Basi mimi nataka kuona nyumba ya ndugu yangu. Anasema ameweka mabati mpya. Mimi sijaamini."

Ndugu yake anakaa ng'ambo ya mto, upande wa Kenya, na wazee hawa wanashindana tangu utotoni. Nikatoa risasi zote, nikampa bunduki tupu atazame. Akarudisha mikono nyuma.

"Bunduki mimi sishiki. Na mtu wa ng'ambo akiona nalenga kwake, itakuwa kesi. Toa tu hiyo kitu."

Toa tu. Nilijua kabisa kwamba darubini ukiifungua ni lazima uipime upya, ufunge upya, ujaribu upya. Lakini utamwambia nini baba mkwe, tena nyumbani kwake? Mkwe hana hapana. Nikafungua skrubu zangu, nikampa.

Akatazama, akanuna, maana mabati yalikuwa mapya kweli. Akampa shemeji Ouma ahakikishe, Ouma akampa jirani, jirani akampa katekista, ikazunguka boma zima, mama mmoja akitafuta ng'ombe wake, mwingine ameigeuza nyuma mbele analalamika kwamba Kenya imehama. Nami nimeketi natabasamu kama mkwe mwema huku moyoni nawaka moto. Iliponirudia jua lilikuwa linashuka, na mtu anaita kutoka mpungani kwamba kiboko ametoka mtoni.

Nikaifunga mbio mbio. Niliona imekaa nyuma mno, karibu na jicho, nikasema potelea mbali, kiboko si panya, nitamkosaje?

Nikapiga goti kwenye tuta, kijiji kimejipanga nyuma yangu. Kiboko yuko katikati ya mpunga anatafuna kwa raha zake. Nikaona giza pembeni mwa kioo, nikasogeza kichwa mbele zaidi, nikafyatua.

Mlio sikuusikia, teke lilinirudishia darubini usoni. Nilipopata fahamu nilikuwa chali kwenye matope, jicho limejaa damu, na kichwa changu kimelala mapajani mwa mwanamke mzee mwenye gauni la gomesi la kijani, amenibana paji la uso kwa leso yake. Nikadhani ni jirani, nikamshukuru kwa adabu: "Asante, mama. Wewe ni wa nyumba gani?"

Nabwire akajishika mdomo. "Baba Akoth," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "huyo ni mama."

Nilitaka kuruka nikimbilie Kenya, yeye akanirudisha chini kwa kiganja kimoja. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Lala. Ulikuja kuua kiboko, ama kujiua?"

Kisha akamwachia Ouma kichwa changu, akachukua debe lake, akaingia mpungani kuligonga. Kiboko akaondoka polepole, hana hata mkwaruzo.

Wazee wakakaa, wakasema mwiko umevunjika, mbuzi atoke kwangu ili turudi kwenye heshima yetu ya zamani. Nikatoa mbuzi. Mama mkwe akala nyama, akafuta mikono, akasema damu yangu ameshaifua kwenye gomesi yake, sasa ajifiche nini. Tangu hapo akawa ananipigia simu mwenyewe, kila jioni: "Mkwe, amekuja. Wewe uko wapi?"

Jeraha lilipopona nikarudi, darubini nimeipima na kuijaribu upya. Mzee Wandera akaja ananyoosha mkono, eti ndugu yake sasa amenunua tangi la maji. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mpungani: "Mzee, acha kitu ya watu. Na wewe mkwe, rudisha kichwa nyuma."

Nikarudisha. Kiboko akaanguka kwa risasi moja, mpunga ukavunwa, na hakuna anayelisimulia hilo. Mpakani kote kinachosimuliwa ni mapaja ya mama mkwe. Basi nimeapa: skrubu niliyoikaza kwa mkono wangu haifunguliwi tena kwa ajili ya adabu, na anayetaka kuona mabati ya ndugu yake apande mtumbwi akaangalie.