Loretta hakupanda ngazi

Loretta Brinkmann alikuwa mfua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee, kusini mwa Saint Louis. Kutwa nzima shuka zilimpita mikononi, na jioni vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeopolewa majini. Hakuwa mtu wa maneno. Mumewe, Vernon, alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho Texas. Walikuwa na binti wa miaka tisa, Corinne, mwenye maneno ya kutosha nyumba mbili. Na Otis, kitinda mimba, miaka mitano.

Otis nyumbani alikuwa kasuku. Akishavuka kizingiti, basi. Mwalimu wake hakuwahi kuisikia sauti yake. Si kwamba hakujua kusema. Maneno yalimfika kooni yakakaa hapo.

Sasa mtoto wa namna hiyo, na Halowini ya mtaa ule, usiku wa Oktoba ambao watoto huvaa maumbo ya ajabu na kupita mlango kwa mlango wakikusanya peremende. Kule peremende haziombwi, huchekeshewa. Mtoto akigonga mlango, mwenye nyumba humwuliza, "Haya, kichekesho chako?" Naye hukitoa. Kikiwa kibovu hakuna neno, vibovu ndivyo vinavyopendwa. Lakini lazima kitoke mdomoni mwake.

Mwaka uliotangulia Corinne alimsemea kila mlango. "Huyu ni mdogo wangu, hasemi, mpe tu." Wakampa. Wengine walimpa mara mbili kwa huruma. Ndoo ilijaa. Waliporudi nyumbani, Otis akaibeba mpaka kitandani kwa dada yake, akaimwaga yote.

"Zako hizi," akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Loretta alikuwa ukumbini na taulo mkononi. Alisikia. Hakuingia. Ila tangu siku ile ilikuwa marufuku mtu yeyote kumsemea Otis, awe dada, awe baba, awe yeye mwenyewe.

Watu walimshauri, kama watu wanavyoshauri. Vernon naye hakubaki nyuma.

"Mtie moto kidogo. Atasema."

"Bisi ndizo hutiwa moto, Vernon. Huyu ni mtoto."

Alichofanya ni kidogo, lakini alikifanya kila siku. Wakati wa chakula cha jioni kila mtu alitoa kichekesho kimoja. Otis angeweza kutoa kilekile wiki nzima, na Loretta angeweka kijiko chini, amtazame, aulize, "Sijui, kwa nini?" kama vile hajawahi kukisikia. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba. Kijiko alikiweka chini.

Mwezi wa Oktoba Otis akaja jikoni.

"Mama, mwaka huu nataka kuwa friji."

Mwingine angecheka, au angeuliza kwa nini asiwe simba kama wenzake. Loretta akauliza, "Kubwa au ndogo?"

Kazini walikuwa wamenunua friji ndogo ya chumba cha mgonjwa. Akaliomba boksi lake, akarudi nalo kwenye basi, amelikumbatia kama mtu anayecheza dansi. Akatoboa tundu la kichwa na matundu ya mikono, akapaka rangi nyeupe, akakata mlango mbele kifuani na kuufungia kishikio cha droo iliyovunjika.

"Ndani tubandike picha," Corinne akasema. "Maziwa, mayai, soseji."

"Hapana," Otis akasema. "Tupu."

"Friji tupu ni friji gani?"

"Yangu."

Loretta hakumchimba.

Siku ikafika. Baridi ilikuwa imeingia, maboga yamechongwa nyuso na kuwashwa mishumaa barazani. Loretta akaacha sufuria ya maharage na nyama ya kusaga jikoni, akamwachia Vernon, aliyekuwa likizo, aangalie isishike chini. Akatoka na friji moja na nyuki mmoja. Nyuki ndiye Corinne.

"Corinne, mdomo wako ni wako," Loretta akasema.

"Na akikwama?"

"Akikwama tutarudi tule."

Nyumba za mwanzo Otis hakupanda. Alisimama kando ya barabara karibu na mama yake, mlango wa friji umefungwa. Corinne alipanda, akachekesha, akashuka, ndoo yake ikawa inanguruma. Wapita njia waligeuka kutazama friji iliyosimama barabarani. Loretta hakumwambia twende, wala hakumwambia turudi.

Walipofika nyumba yenye mlango wa bluu Otis akamvuta koti.

"Pale."

"Mbona pale?"

"Hanijui."

Loretta akaelewa. Mwenye nyumba ile, Sondra Whitlow, alihamia kiangazi akitokea Arizona. Mtaa mzima ulijua kwamba Otis hasemi. Sondra peke yake hakujua.

Otis akapanda ngazi upande upande, kama kaa, maana boksi lilimbana magoti. Akagonga. Sondra akafungua, uso mkunjufu.

"Jamani, friji! Mzuri wee." Akachota chokoleti kwa viganja viwili, akazimimina ndooni. "Halowini njema, mpenzi." Akafunga mlango.

Otis alikuwa bado ameachama.

"Hajauliza!" Corinne akasema. "Mama, hajamwuliza!" Akaanza kukimbilia ngazi. Loretta akamdaka bawa.

Kosa lile halikuwa na ubaya. Huko alikotoka Sondra, ukarimu ni kutoa bila kuuliza. Neno moja lingetosha: dada, huku kwetu watoto huulizwa. Na mguu wa Loretta ulikuwa tayari umekanyaga ngazi ya kwanza. Akautazama. Akaurudisha chini.

Barazani kwake, nyumba ya jirani, mzee Clifford Haas alikuwa na bakuli lake la peremende mapajani na kiti kitupu cha marehemu mkewe, Inez, pembeni. Aliona yote. Naye akanyamaza.

Otis akatazama ndooni. Akazitoa zile chokoleti, zote, akaziweka kwenye zulia la mlangoni. Akainua mkono kugonga tena, lakini safari hii ukakwama ndani ya boksi. Basi akarudi nyuma hatua kidogo, akaupiga mlango kwa friji nzima. Bumu.

Sondra akafungua haraka. "Kuna nini, mpenzi? Hazikutosha?"

Gari likapita. Loretta alitazama viatu vyake, maana aliogopa macho yake yasije yakamsemea.

"Hujaniuliza," Otis akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba. Lakini ilifika barabarani.

"Nikuulize nini?"

"Kichekesho."

"Loo. Nauliza vipi?"

"Unasema, haya, kichekesho chako?"

"Haya, kichekesho chako?"

Otis akashika kishikio, akafungua mlango wa kifuani. Ndani weupe mtupu.

"Kwa nini friji hii haina kitu?"

Sondra akainama, akachungulia. "Sijui. Kwa nini?"

"Baba amerudi."

Sondra akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mume wangu naye huyo hapo kwenye kochi," akasema. "Ngoja nimwite aje akisikie." Ikabidi kisemwe mara ya pili.

"Mama," Corinne akasema, "unaweza kuniachia bawa sasa."

Walipopita kwa mzee Haas, aliwaita.

"Nilidhani utapanda, binti."

"Nilitaka, mzee."

"Inez wangu angepanda."

"Inez angepanda, akamfundisha yule mama sheria, akatoka na keki."

Mzee akatikisa kichwa, akakaribia kutabasamu. Kisha akamgeukia Otis, akaweka bakuli chini, polepole, kama mtu mwenye usiku mzima. "Haya, bwana friji. Kichekesho chako?"

Hawakuacha mlango hata mmoja baada ya hapo. Waliporudi nyumbani sauti ya Otis ilikuwa imekwaruza. Vernon alikuwa mezani, kijiko mkononi, sufuria mbele yake.

"Nilikuwa naonja," akasema.

Corinne akachungulia sufuriani, akaiona tupu, akaanguka sakafuni na mabawa yake kwa kicheko. Vernon hakuelewa mpaka Otis alipomfungulia mlango wa kifua.

Jumatatu shuleni Otis alinyamaza kama kawaida. Loretta hakushtuka, hakuwa ametarajia muujiza.

Lakini usiku ule wa Halowini ndoo haikumwagwa kitandani kwa mtu. Ilikaa chini ya kitanda cha Otis. Loretta alipokuja kumfunika, akamkuta ameipakata, anachagua. Otis akampa chokoleti moja.

"Wewe hujasema hata neno moja," akamwambia. "Lakini chukua."