Kungoja Kuitwa Jina

Hata leo nikinusa ukindu wa mikeka unaochemshwa rangi, najiona niko Temeke enzi za Mwingereza. Baba alikuwa karani. Alipohamishiwa mjini alinichukua nianze shule, mama akabaki kwetu milimani na wadogo zangu. Baba akishaondoka kazini, basi tena, nilibaki mie na kuta.

Jirani yetu, Bi Mwajuma, alikuwa akisuka mikeka barazani na wenzake. Nilivyokuwa natamani kukaa nao, jamani, we acha tu! Nilikuwa nikitoka shule naenda kusimama mbele yao, macho chini, mikono nyuma, nangoja. Kwetu ndiyo adabu: mtoto hamwanzi mkubwa. Mkubwa humwita kwa jina lake la nyumbani, ndipo mtoto aitike na kusogea. Nao walikuwa wakingoja shikamoo. Nikigeuka kuondoka nawasikia wakisema mtoto wa karani ana kiburi, hajafunzwa. Watoto wao wakakatazwa kucheza nami. Mie nilijua nimefanya kila kitu sawasawa, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku moja uvumilivu ukamwisha Bi Mwajuma.

"Mwanangu, kwenu hamwamkii?"

"Nangoja uniite jina."

"Jina lako nani?"

Mjini hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba mwenyewe alikuwa akiniita kwa jina la ubatizo. Nikaangua kilio. Bi Mwajuma akanivuta mkekani, akanifundisha shikamoo mpaka ikanikaa mdomoni. Tangu hapo nikawa mtoto wa mtaa mzima. Nilikuwaga naamkia hata wapita njia nisiowajua.

Mvua zilipokwisha, mama akaja na wadogo zangu kwa treni. Nilimwona akishuka, nikamkimbilia, "Shikamoo, mama!" kwa sauti kubwa, nikijiona nimestaarabika. Mama alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga. Akaniangalia kama mtoto wa watu. Baba akamnong'oneza la kujibu, naye akasema marahaba, tukabeba mizigo.

Nilidhani ni uchovu wa safari. Nimekuja kuelewa baada ya kuzaa wangu: njia nzima alikuwa na jina langu mdomoni, nami sikumpa nafasi ya kulitamka. Alikaa nasi Temeke mpaka nikaolewa, akiniita mwanangu, kama walivyoniita wanawake wote wa mtaa ule. Lile jina sikulisikia tena kinywani mwake.