Likelemba ya Serikali

Barua pepe ya chuo ilinikuta Vällingby, hapa Uswidi, kwenye makao ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi, nikimvisha soksi bibi mmoja wa miaka tisini. Nimepata nafasi ya kusomea saikolojia! Nilipiga kelele, bibi akanipigia makofi bila kujua ananipongeza kwa lipi, na soksi ya pili sikumbuki kama niliivisha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na asubuhi ile nilijiona mrefu kuliko kawaida.

Kufikia mchana bosi naye akaniita na habari yake njema: kazi ya kudumu, mshahara umepanda kidogo, nije nitie sahihi wiki ijayo. Chuo kilitaka jibu kabla ya Jumatatu, ndiyo au hapana, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Njiani kurudi nyumbani Sundbyberg nilipiga hesabu kwenye simu. Ada hakuna, lakini mwanafunzi lazima ale, na hula mkopo wa serikali: sehemu ndogo ya bure, sehemu kubwa ya kulipa. Zaidi ya miaka mitano ya kukopa, huku wenzangu wakipokea mshahara kila mwezi. Na mshahara wa kwanza wa mwanasaikolojia si wa kumwaga machozi ya furaha. Unauzidi wa kuvisha soksi, basi. Kwa hesabu zangu ningewafikia wenzangu nikikaribia arobaini. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mtu akahama kiti. Nilikitaka chuo kile hata kama ningewafikia nikiwa na meno ya bandia.

Mama hakucheka. Yeye alijua deni la aina moja tu, la likelemba, ule mchezo ambao Watanzania wanauita upatu: kina mama wanane wanachanga kila mwezi, mmoja anakula. Anayekula wa kwanza lazima awe na mdhamini, maana anaweza kuhama na pesa za watu.

"Nani anakudhamini?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Serikali inakupatia franga bila mudhamini? Wewe mutoto, hao watu wako na kitu banatafuta."

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama ninavyofanya nikianza kukasirika, kwamba hapa mdhamini hahitajiki. Nilikuwa najisemea tu. Jumapili baada ya ibada aliita likelemba nzima sebuleni kwetu ili wajitokeze wa kunidhamini.

Wakaja wote. Nikasimama mbele yao na kikombe cha chai, nikieleza mkopo wa serikali ya Uswidi kwa watu waliokuwa wakinitazama kama naleta posa. Walitaka kujua nitalipa lini. Nikasema kidogo kidogo, mpaka nizeeke. Mmoja akashika kichwa.

"Halafu hiyo kazi yenyewe ni kusikiliza watu tu?" akauliza mama mmoja Mkenya. "Mimi nasikiliza bwanangu bure kila siku. Nani ananilipa?"

Sebule ikaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa nilihisi nafasi yangu ya chuo ikiniponyoka vidoleni. Kwa hesabu peke yake, walikuwa na haki ya kunikatalia.

Ndipo Mama akasema, "Mimi nilishaenda kwa mutu wa hivyo."

Sikuwahi kulisikia hilo. Alisema ni mwaka wetu wa kwanza hapa, daktari ndiye aliyempeleka. Mkalimani alikuwa kwenye simu, na aliposalimia tu, Mama akaitambua sauti: mtu wa kwaya yetu, anayeonana naye kila Jumapili.

"Basi kila kitu walichoniuliza, nikajibu, nalala muzuri. Mwaka muzima, nalala muzuri!"

Macho yote yakamgeukia mtunza hazina wa likelemba, ambaye kazi yake ni ukalimani. Akatazama dari. "Mimi nilikula kiapo cha siri," akasema. "Huyu mama simujui."

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka namna ile. Mmoja alitelemka kwenye kochi akakaa chini kabisa. Mwingine akanyoosha mkono kama shuleni: naye alikuwa akilala vizuri, simu ile ile, sauti ile ile. Halafu wa tatu. Mtunza hazina akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Mama akafuta machozi. "Sasa kama angekuwa mutu anasikia Kiswahili changu yeye mwenyewe," akasema, "bila simu katikati..." Akanigeukia. "Kopa, mama. Jibu, banakungojea."

Nikabonyeza ndiyo kwenye simu mbele yao, na vigelegele vikapigwa mpaka jirani akagonga ukuta. Wote wanane wakaandika majina yao kwenye daftari la likelemba kuwa wadhamini wangu, na sikuwa na moyo wa kuwaambia hakuna pa kulipeleka.

Walipoondoka nikaenda jikoni kufuta vyombo. Mama alikuwa amenipa mgongo, mikono ndani ya povu.

"Sikukuwa nalala," akasema, na akaanza kunieleza hapo hapo, bila kungoja nihitimu.