Bushi ya Ma Asimwe

Nakumbuka siku niliyokaribia kuharibu harusi ya watu kwa hamu yangu tu ya kujua. Mwanangu, unayeanza kukereza vyuma, nisikilize; na kama unashangaa kumsikia bibi wa Ijuganyondo akizungumzia mashine, shangaa umalize kwanza.

Nilikuwa binti pekee katika karakana moja ya Bukoba, chini ya Mzee Ishengoma, mtu mpole mwenye macho makali. Asubuhi hiyo Ma Asimwe alifika kutoka Kaagya na shafti ya mashine yake ya kusaga nafaka. Bushi, yaani pete nene ambayo shafti huzunguka ndani yake, ilikuwa imelika. Nyumbani kwake ndizi zilikuwa zinakamuliwa, na bila unga wa mtama siku hiyohiyo, lubisi, ile pombe ya ndizi ya harusi ya mwanawe, isingechachuka. Nasi tulikuwa na kipande kimoja tu cha shaba cha kutosha.

Mashine yetu ya kukerezea ilikuwa na vishikio viwili vya kubana kazi. Cha kwanza kina taya tatu. Unazungusha ufunguo, zote zinakuja pamoja. Hicho nilikipenda. Cha pili kina taya nne, kila moja unaikaza peke yake, na mimi nilikiona kama adhabu.

Nikabana shaba kwenye taya tatu, nikaipitishia kisu juu, nikatoboa tundu. Hapo hamu ikanishika: je, shafti inaingia? Nikalegeza, nikaitoa, nikajaribu. Ikaingia vizuri mno! Nikairudisha shaba kwa furaha nimalizie upande wa nje, nikawasha. Kisu kikala upande mmoja, upande wa pili hakikuugusa kabisa. Niliogopa.

Mzee akazima mashine, akanipa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi kwetu.

"Ulipoitoa, ilikuwa imekaa wapi?"

"Katikati, Mzee."

"Na sasa?"

Nikaizungusha shaba kwa mkono; ikayumba.

"Taya hizi ni kuukuu," akasema. "Ukilegeza, hazishiki tena palepale. Ungeiacha bushi ilipo, ukailetea shafti hapo hapo."

Akafunga kile cha taya nne, tukaibana shaba humo. Tukasogeza ncha ya msumari karibu na ukingo wa tundu, nikawa nazungusha kwa mkono huku nikitazama upenyo. Nalegeza huku, nakaza kule. Muda si mrefu nilisahau aibu. Nilitaka tu kuuona upenyo ule ukilingana pande zote.

Ma Asimwe akainama nyuma yangu. "Waitu, jamani, mnatafuta nini humo?"

"Katikati, mama."

"Basi itafuteni upesi, ndizi hazinisubiri!"

Bushi ilitoka nyembamba kuliko tulivyopanga, lakini sawasawa. Jioni mtama ulisagwa, na siku ya harusi nilipewa kibuyu changu cha lubisi peke yangu.

Basi, mwanangu, hamu ya kujua usiiue, ndiyo iliyonifanya fundi. Ila kabla hujalegeza kitu, iwe chuma, kazi au ndoa, jiulize kimeshikwaje na kama utaweza kukirudisha palepale. Ukiweza kukipima kikiwa mahali pake, kipime hapo. Na ukishalegeza kwa makosa, usikimbie. Rudi kwenye taya nne, uanze kutafuta polepole.

Nami nakuombea Mungu akushike vizuri, asikulegeze kabla hajamaliza kazi yake kwako.