Ngumi ya Shemeji Juu ya Jicho Langu

Kuna mabondia wanaoangusha watu na kuna mabondia wanaochana watu. Wa kwanza hupendwa na watazamaji. Wa pili huogopwa na mama za wapinzani wao. Kaka wa mchumba wangu alikuwa wa aina ya pili, na mimi, mwenye diploma ya usimamizi wa hoteli, ndiye niliyemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba na mimi ni bondia.

Nieleze kwanza mimi ni nani, maana bila hivyo mtu anaweza kudhani mimi ni mjinga wa kawaida. Niliondoka Bujumbura na begi moja la mgongoni, nikafika Nairobi, nikaosha sufuria kabla ya masomo na baada ya masomo mpaka nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala padri aliyeniombea nafasi. Niliporudi nikakabidhiwa mkahawa huko Kinindo, upande wa ziwa, ambako watu wa mashirika huja kula samaki na kulalamikia intaneti. Diploma yangu imetundikwa nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja hawezi kulipa bila kuiona. Mtu wa namna hiyo anapochumbia, huamini kabisa kwamba wenye bahati ni familia ya msichana.

Familia yenyewe iko Ngagara. Baba wa mchumba wangu ni mstaafu wa wizara, mtu anayefunga tai hata akimwagilia maua. Kabla ya ziara yangu ya kwanza mchumba wangu alinionya.

"Baba hana masharti mengi. Ila usitaje ngumi."

Sababu ilikuwa kaka yake, fundi wa magari na bondia tangu ujana. Kwa miaka mingi akina mama walifika kwenye geti la mzee wakiwa na vijana wao, kila kijana amejifunika jicho kwa taulo, na mzee akatoka na tai yake kuomba radhi. Mchumba mmoja aliyenitangulia alikataliwa kabla ya kuletewa soda, kwa kuwa alisema anafundisha ndondi. "Nyumba hii ina bondia mmoja," mzee alimwambia, "na huyo nilipewa na Mungu, sikumchagua."

Kwa hiyo sebuleni nilijieleza kuwa mtu wa vitabu na utulivu. Mzee alifurahi, akaniongezea chai. Kisha kaka mtu akanisindikiza nje, mbele ya marafiki zake wawili waliokaa juu ya gari bovu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mkavu, wenye vifundo kama vya tangawizi. Sijui ni kitu gani kilinipata. Labda niliona marafiki wale wanatazama viatu vyangu vya ngozi na kucheka.

"Hata mi Nairobi nilikuwa napiga," nikasema.

"Eeh! Shemeji anapiga! Uzito gani?"

"Wa kati."

Akanitazama tumboni kwa heshima. "Hiyo yote ni ya kati?"

Ukweli ni kwamba Nairobi nililipiga gunia la mazoezi kwa miezi kadhaa ili kupunguza tumbo hilohilo. Gunia halikuwahi kunirudishia. Lakini marafiki walikuwa wanasikiliza, na shemeji akasema, basi Jumamosi uje Buyenzi, kuna uwanja nyuma ya gereji, tucheze kidogo kama ndugu. Nikasema bila shaka.

Jioni mchumba wangu akanipigia simu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mwambie unaumwa."

"Mtu mwenye diploma hadanganyi."

"Na Baba ulimwambia nini sebuleni?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Sikiliza," akasema. "Mahari ni Jumamosi ya baada ya hiyo yenu. Ukija pale umechanika juu ya jicho, Baba hatauliza umefanya nini. Atajua. Na mi sitakuwa na la kumwambia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimewaambia watu wawili wa nyumba moja mambo mawili yasiyoweza kukaa kwenye uso mmoja. Nikajipa moyo. Nilijiambia nitacheza kwa akili. Nitamzunguka.

Aliyetufunga glavu pale Buyenzi alikuwa mzee mmoja Mwislamu, kocha wa uwanja ule, mtu wa kunong'ona bismillahi kwa kila fundo. Alinipaka mafuta mazito usoni, hasa juu ya macho, akapitisha kidole kwenye mfupa wa nyusi zangu, akaguna.

"Umebarikiwa mifupa," akasema. "Kwa kazi hii ingefaa uso bapa."

Nikamuuliza kama ni kweli shemeji anapiga vikali. Akasema apana, wako wanaopiga vikali kuliko yeye, watu wanaanguka, wanaamka, wanaenda nyumbani na nyuso nzima. Huyu ngumi yake ikifika inajizungusha kidogo mwishoni, kama mtu anayekaza skrubu. Glavu inavuta ngozi kwa nje, mfupa unaisukuma kwa ndani, na ngozi haina pa kwenda. Zamani mwamuzi mmoja aliwahi kumvua glavu katikati ya pambano akitafuta wembe. Alikuta kitambaa na jasho. Kocha alinieleza yote hayo kwa upole sana, kisha akanisukuma katikati ya uwanja.

Raundi ya kwanza nilimzunguka. Nilimzunguka vizuri, nasema bila aibu, mafundi walioacha kazi kututazama walianza kupiga makofi, ingawa mmoja alipaza sauti, "Shemeji, unatafuta choo?" Shemeji hakunipiga. Alikuwa ananitazama kama gari lililoletwa gereji na mwenyewe akasema halina tatizo.

Raundi ya pili nikaona nimtishe. Nikarusha mkono wa kushoto. Ulipita pale alipokuwa amesimama mwanzo.

Yake sikuiona. Wala haikuuma, na hiyo ndiyo hatari ya ngumi za namna ile. Ilikuwa kama mtu amenipangusa. Nikaendelea kurukaruka, nikafikiri, kumbe hizi ndizo zinazoogopwa na mji mzima? Kisha nikamwona shemeji ameshusha mikono, uso wake kama wa mtu aliyerudisha gari nyuma na kugonga la jirani.

"Pole, shemeji. Wallahi nilikugusa tu."

"Ni jasho," nikasema.

"Jasho hilo ni jekundu, mwanangu," kocha akasema, na taulo lilikuwa tayari juu ya jicho langu.

Nilishonwa kwenye kliniki iliyo jirani, shemeji akinishikia kiatu kilichonitoka mguuni. Alikuwa karibu kulia. Aliniambia ndiyo sababu hapigani tena mashindano. Kila anayemgusa anatoka hivi, hata marafiki, hata asipotaka. Nikamfariji. Nikamwambia nimeona mabaya zaidi Nairobi. Mkahawani nikawaambia wapishi wangu kwamba tulitoka sare.

Wiki hiyo tulihangaika na nyusi yangu kuliko tulivyohangaika na mahari. Mchumba wangu alileta poda yake, akanipaka, nikaonekana kama ukuta uliozibwa ufa na fundi wa bei nafuu. Miwani nyeusi ilificha jicho, haikuficha nyusi. Mjomba wangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, alipendekeza tuseme nilianguka bafuni. Nilikataa. Mtu wa cheo changu haanguki bafuni. Tukakubaliana ni mlango wa friji kubwa ya mkahawa, yaani ajali ya kikazi.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani Ngagara, upande wetu na upande wao tunatazamana, wanawake wamevaa imvutano zao, vitambaa vya sherehe vilivyotulia vizuri mabegani. Bibi harusi yuko ndani, haletwi mpaka wasemaji wamalizane. Wasemaji wakaanza kurushiana maneno kama ilivyo desturi, huyu anadai tumepotea njia, yule anasema tumeona maua mazuri kwenye ua huu. Watu wanacheka. Mimi nimekaa wima na miwani yangu.

Baba mzazi kwa kawaida hasemi kwenye shughuli hiyo; anaye msemaji. Lakini mzee alisimama. Akavuka nafasi iliyo kati ya pande mbili, tai imenyooka, akasimama mbele yangu.

"Vua miwani, mwanangu."

Nikavua.

"Ni nini hiki?"

Mjomba akaingilia haraka. "Mlango wa friji, muheshimiwa. Kazini."

Mzee akainama, akaitazama nyusi yangu kwa muda, kona ya nje, jinsi ulivyoshuka mshono.

"Mlango huu nimeuzaa mimi," akasema. Akageuka. "We! Njoo hapa."

Shemeji akaja akitazama viatu vyake. Mzee akamshika kidevu, akamgeuza uso kulia, akamgeuza kushoto. Hapakuwa na alama hata moja. Uso uling'aa kama umetoka kinyozi.

"Huyu alikupiga?"

Shemeji ni mtu mwema. Alijaribu kuniokoa. "Alirusha, Baba. Alirusha vizuri."

"Nimeuliza alikupiga?"

"Apana."

"Hata begani?"

"Apana, Baba."

Kisha mzee akarudi kwangu. "Na wewe unasemaje? Ulimpiga?"

Nyuma yangu walikaa shangazi zangu, wapishi wangu wa habari ya sare, na marafiki wa utotoni niliokuwa nimewasimulia mambo ya Nairobi kwa kirefu. Dirishani, nyuma ya pazia, niliona vidole vya mchumba wangu vimekamata kitambaa. Nilitafuta jibu lenye heshima kidogo. Halikuwepo.

"Sikumgusa, Baba. Nililipiga gunia tu Nairobi. Kwa ajili ya tumbo."

Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka mtaa wa Mutanga Sud. Mpishi wangu mkuu alilazimika kutoka nje ya turubai. Mzee peke yake hakucheka. Alivuta pumzi kama daktari anayesoma majibu mazuri ya vipimo.

"Basi huyu si bondia," akautangazia ua mzima. "Bondia nisingempa. Huyu ni mtu aliyepigwa. Waliopigwa nimewaomba radhi miaka yote kwenye geti lile. Huyu angalau naweza kumkaribisha ndani." Akamgeukia msemaji wake. "Endelea. Mleteni msichana."

Vigelegele vikapanda. Pazia likaachiwa. Nikaona ni wakati mwafaka wa kuwafafanulia wageni kwamba katika raundi ya kwanza, kwa haki kabisa, nilimzunguka vizuri sana, na nilikuwa nimeshasimama na kufungua mdomo, lakini mjomba alinivuta koti kwa nguvu, nikakaa.