Chupa Niliyomletea Baba

Assalaam alaykum admin, na nyote mtakaosoma. Jina langu lisitiriwe. Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, mzaliwa wa Tanga mjini. Mwezi uliopita tulimzika baba yangu kwao Mwera. Kuna jambo tunalijua mimi na kaka yangu tu, na kila nikisimama kuswali linasimama pamoja nami.

Baba alikuwa fundi wa mitambo melini mpaka alipostaafu. Mtu wa swala, mpole. Lakini alikuwa anakunywa. Si sana, na kamwe si mbele za watu. Alikuwa na kikombe chake, na tangu nina miaka minane nilijua kilichomo si chai ya rangi. Mama alijua, kaka alijua. Hakuna aliyewahi kutamka. Kwetu aibu ya mtu wa nyumbani inasitiriwa, na sisi tulisitiri hata sisi kwa sisi.

Nilipata nafasi ya kusoma nje, miaka miwili. Siku ya kurudi, katika duka la uwanja wa ndege, nilikuta ukuta mzima wa wiski. Nilisimama pale na hijabu yangu, sijawahi kushika chupa maishani. Muuzaji, mwanamke wa makamo, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya baba. Akauliza, baba anapenda ile laini au ile yenye harufu ya moshi? Kikombe nilikijua miaka yote, ladha ya mwenye kikombe sikuijua. Akanipa ninuse. Moja ilinuka kama mashati ya baba siku za kutoka kazini, nikaichukua hiyo.

Najua wengi mtanilaani. Mimi nilitaka mara moja tu nimwambie baba kwamba namjua alivyo, na nampenda hivyo hivyo. Sikuwa na maneno ya kusema hayo, nikanunua chupa.

Nilimpa chumbani kwake baada ya alasiri, nimeifunga kwenye kanga mpya. Alifungua, akaigeuzageuza mikononi.

"Nani kakwambia nataka hii?"

"Hakuna, baba. Nakumbuka tu."

"Unakumbuka," akasema, kama mtu aliyepigwa. Kisha akacheka kidogo. "Mwanangu, mie nishaacha. Tangu Ramadhani ya mwaka jana sijaonja."

Nilizungumza na mama kwa simu kila wiki, akanihadithia mpaka paka wa jirani aliyezaa. Hili hakunihadithia, maana angeanzia wapi? Habari ya kuacha haikunifikia kwa kuwa habari ya kunywa haikuwahi kusemwa.

Nikaomba anirudishie nikaimwage. Akakataa. "Zawadi ya mtoto hairudishwi. Umeichagua mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaiweka ndani ya sanduku lake la nguo, akafunga. Hatukuizungumza tena. Wiki tatu baadaye alijilaza baada ya adhuhuri, hakuamka.

Siku za matanga kaka yangu alilala chumba cha baba. Kaka anafanya kazi Pongwe, na yeye hajifichi, anakunywa na Tanga nzima inajua. Siku ya nne mama alifungua sanduku atoe nguo za marehemu sadaka. Nikasikia ukelele. Nilipofika mlangoni chupa alikuwa nayo mkononi, na kaka kasimama mbele yake.

"Mpaka kwenye sanduku la baba yako! Kanzu anazoswalia umezilaza na uchafu wako! Hata haya huna wee?"

Kaka aliitazama chupa. Akanitazama mimi, na nadhani usoni mwangu alisoma kila kitu. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe mama."

Mimi nilinyamaza, ndugu zangu. Nilikuwa na ulimi, nikanyamaza. Mama akamwamuru akaimwage chooni, kisha atoke, asikanyage pale mpaka eda imalizike. Na hitma ya arobaini, ambayo mtoto wa kiume ndiye angepokea watu, akasema atapokea ba'mdogo.

Jioni ile mama alinikalisha karibu yake. Kwa mara ya kwanza maishani akatamka: "Baba yako alikuwa na mtihani wake. Mungu akamwondolea kabla hajamchukua. Hiyo ndiyo faraja yangu, sina nyingine." Nikambusu mkono, nikatoka.

Juzi nilimfuata kaka Pongwe. Nilimkuta nje ya chumba chake, anafua.

"Kwa nini ulikubali?" nikamuuliza.

"Jina langu lishachafuka siku nyingi, mdogo wangu. Likiongezwa doa nani ataliona? Mwachie mama mumewe."

"Lakini ni baba yako pia. Hitma yake hutakuwepo?"

Akawa anakamua shati lililokwisha kutoka maji yote. Ndipo nikamuuliza swali linaloninyima usingizi. Yeye ndiye aliyeimwaga. Nikamwambia, "Kaka, uliikuta imefunguliwa?"

Akaacha kukamua. Akatazama barabarani, kisha akasema, "Umekula wee? Njoo ule."

Nilirudia mara tatu. Mara tatu akanikaribisha chakula.

Hitma ni Ijumaa hii. Nikisema, kaka atarudi nyumbani kwao, lakini mama, akiwa ndani ya eda, ataanza kujiuliza kama mumewe alikufa na toba yake au alikufa na zawadi yangu. Nikinyamaza, kaka atakaa Pongwe siku baba yake anaposomewa, kwa kosa la mikono yangu. Msiniambie nimwombe Mungu tu, hilo nalifanya. Wenye wazazi, na mliokwisha kuzika, niambieni kabla ya Ijumaa: nimtazame mama usoni nimwambie, au nimwachie marehemu wake?